Shira ya Rosaire na Mguu wa Laurette

Mume wangu, Rosaire Quirion, hakuwa mtu wa maneno mengi, isipokuwa mwezi wa Machi. Theluji ikianza kulainika mchana na kuganda tena usiku, miti ya mepo, ile yenye utomvu mtamu, huanza kutoa maji, na Rosaire naye ndipo alipoanza kusema. Alikuwa na miti mia nane kilimani nyuma ya nyumba yetu, hapa wilayani Beauce, aliyoachiwa na baba yake. Aliitoboa mmoja mmoja, akatundika ndoo, akakusanya maji yake mepesi kama ya mvua, akayachemsha bandani kutwa nzima mpaka ndoo arobaini zikawa ndoo moja ya shira.

Fahari yake ilikuwa moja tu: sukari nyeupe haikuingia nyumbani kwake. "Ile imepita kiwandani," aliwaambia wateja mlangoni pa kanisa. "Hii ni mti na moto, basi."

Dada yake mkubwa, Laurette, ndiye aliyekuwa akipiga kinanda kanisani kwetu tangu ana miaka kumi na tisa. Alikuwa mjane, mcheshi, mwenye ulimi mkali. Alipofika miaka sitini na moja daktari alimwambia ana kisukari. Siku hiyohiyo alikuja bandani, akakaa juu ya gogo.

"Nimeambiwa niache sukari, mdogo wangu. Afadhali wangenikataza kusali."

"Sukari gani?" Rosaire akamuuliza, mwiko mkononi.

"Sukari ni sukari, we naye!"

"Thubutu! Daktari kasema sukari, hajasema shira. Hii ina madini, dada. Imetoka ardhini. Wewe tumia hii, ile nyingine kawamwagie kuku."

Laurette alicheka mpaka akakohoa. "Ukiwa umenidanganya, nitakuja kukutoa roho."

"Njoo na kikombe chako."

Tangu hapo kila Jumamosi Rosaire alimpelekea kopo. Laurette akatia shira kwenye kahawa, kwenye uji wa shayiri, kwenye maharage na nyama ya nguruwe, hata mayai aliyachemshia humo. Alitamba kwa watu kwamba hajagusa sukari.

Mimi nilijua. Mwaka wa pili nilikwenda kuchukua dawa zangu za presha, mfamasia akaniuliza hali ya wifi yangu. Nikamwambia kwa majivuno kwamba anatumia shira yetu. Yule bwana akaacha alichokuwa akifanya.

"Mama, ikishaingia mwilini hiyo nayo ni sukari. Hayo madini ni kidogo, hayamkingi na kitu."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeazimia kusema. Nikamkuta Rosaire anafuta kopo la dada yake kwa kitambaa safi, anapiga mluzi. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho ikawa baada ya msimu, baada ya msimu ikawa baada ya Krismasi.

Mwaka wa tatu Laurette alinunua viatu vipya vya Pasaka. Kimoja kikamchuna kisigino cha kushoto. Kidonda kikagoma kupona, kikawa cheusi, na mwezi wa Juni wakamkata mguu chini ya goti. Tulikuwa kando ya kitanda chake hospitalini muuguzi alipomuuliza anakula nini. Laurette akamweleza yote, pamoja na shira.

"Kwa siku vijiko vingapi?"

"Vijiko? Mwanangu, mimi namimina."

Muuguzi akamweleza polepole. Hakumlaumu mtu. Rosaire aliikunja kofia yake mikononi, akaikunja tena, kisha akatoka. Nilimkuta kwenye ngazi, amekaa kama gunia.

"Mimi ndiye niliyemkata," alisema.

Hapo ndipo palipokuwa mahali pa kusema. Nilimshika bega tu.

Machi iliyofuata hakutoboa mti hata mmoja. Laurette alisikia, akaletwa kwa gari, akapanda ngazi zetu kwa magongo, anahema.

"Mguu umekwenda. Sasa unataka na msitu wa baba uende?"

"Sina uso wa kuuza, dada."

"Basi uza ukiwa huna uso! Ila waambie watu ukweli."

Akawaambia. Kila aliyenunua kopo alisikia, "Ni tamu, ni ya mti, lakini ni sukari. Mwenye kisukari asiniamini." Laurette alirudi kwenye kinanda, ambacho hupigwa kwa mikono na miguu, akiwa na mguu mmoja wa kukanyagia, na zile sauti nzito za chini, ambazo ni kazi ya mguu wa kushoto, hazikusikika tena. Rosaire alihamia kiti cha nyuma kabisa. Wimbo ukifika pale pengo lilipo, alifumba macho. Alifanya hivyo miaka sita, mpaka moyo wake uliposimama, akiwa shambani akirekebisha uzio.

Baada ya arobaini yake nilikwenda kwa Laurette. Nilikuwa sili, silali. Nikamwambia habari ya mfamasia, kwamba nilijua tangu mwaka wa pili nikakaa kimya. Nilingoja anifukuze.

Aliyasogeza magongo yake kando.

"Yule mfamasia aliniambia na mimi," alisema. "Mwezi wa kwanza tu. Nikamjibu kwamba mdogo wangu anajua zaidi. Nilikuwa naipenda, wifi. Nilitaka mtu aniruhusu."

"Mbona hukumwambia Rosaire? Miaka sita alikuwa anajiona ndiye aliyekukata mguu!"

"Mbona wewe hukumwambia?"

Kati yetu watatu, asiyejua alikuwa mmoja tu, na ndiye tuliyemwachia mzigo wote. Laurette alianza kulia, nami nikalia, kila mtu kwenye kiti chake. Hatukushikana mikono. Hakuna aliyemwambia mwenzake amemsamehe, kwa sababu wa kutusamehe hakuwepo.