Matope ya Kifaru cha Mlangoni

Kwa miaka tisa Mama Pacha alikula kwa kuchafua. Nyumbani alikuwa mkali wa sakafu, na mtu aliyeingia na viatu vyenye udongo alisikia habari yake. Lakini kazini alivaa aproni, akaketi kwenye stuli yake karibu na dirisha, na kuanzia asubuhi hadi jioni alipaka matope vifaru vya vita ambavyo havijawahi kuona vita wala tope: vifaru vidogo vya mbao na plastiki, vingi vikiwa si vikubwa kuliko kiatu cha mtoto. Mumewe alipenda kuwaambia watu, "Mke wangu nyumbani anafuta, kazini anapaka. Siku akichanganya, tutahama."

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya gundi. Mwenyewe alikuwa mwalimu wa kuchora aliyestaafu, na mpaka leo aliitwa Mwalimu tu. Makumbusho na vyuo vilipotaka kuonyesha vita vya zamani ndani ya kabati la kioo, vilimwagiza yeye. Seremala alikata na kuunganisha, Mwalimu akapiga rangi, Mama Pacha akamalizia.

"Kifaru kisafi ni cha kuchezea," Mwalimu alisema kila alipopata mgeni wa kumsikiliza. "Huyu mama ndiye anayekipeleka vitani."

Na Mama Pacha aliinama zaidi juu ya kazi yake, ili wasimwone anavyotabasamu.

Usidhani ni kuchota udongo nje na kubandika. Kitu kikipunguzwa mara thelathini na tano, chembe ya mchanga ambayo wewe huioni inakuwa jiwe la kumvunja mtu mguu. Kwa hiyo udongo wake aliukaanga kwanza kwenye sufuria kuukuu, usije ukaota ukungu ndani ya kioo. Akausaga, akauchekecha kwa soksi ya nailoni mara tatu, akauchanganya na gundi, plasta kidogo na rangi ya unga. Tope zito lilikwenda chini, kwenye magurudumu na minyororo. Jepesi alilirusha kwa mswaki, akizikwaruza nywele za mswaki kwa kijiti ili lidondoke matone matone. Lakini kabla ya tope lolote ilitangulia rangi iliyoyeyushwa kwa tapentaini, nyepesi kama chai ya jana, ikiteleza kwenye mifereji na kuacha kivuli.

Kazi ikishaisha, Mwalimu alijaza plasta mbichi katika kishimo chini ya kibao cha kifaru, na aliyepaka matope akabonyeza dole gumba lake hapo. Hakuna mtazamaji aliyewahi kuliona, kwa sababu nani anageuza kabati la kioo? Lakini wao walijua. Kwa miaka tisa, kila kifaru kilichotoka pale kilikuwa kimekalia dole la Mama Pacha.

Kisha akaja wifi yake.

Huyu dada wa mumewe alikuwa amefanya kazi miaka sita kwenye yadi ya kuoshea malori, matrekta na magari ya kuchimbia, akishika bomba la pampu kutwa. Yadi ilipofungwa, akaja na begi moja, akapewa kitanda katika chumba cha watoto. Wiki haikuisha, pacha wakawa hawalali mpaka shangazi awasimulie kitu.  Na ni Mama Pacha mwenyewe aliyemwombea kazi kwa Mwalimu, ya kuosha brashi na kufagia. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema wahenga, ila hawakusema kwamba nguo yenyewe unaweza kuwa umeivalisha wewe.

Seremala alimpa jina la Pampu siku ileile. Miezi mitatu Pampu aliosha brashi bila kelele. Kumbe alikuwa anatazama.

Siku moja alisimama nyuma ya stuli ya Mama Pacha, kitambaa mkononi. "Wifi, nikuulize. Hili gari linatembea au limeegeshwa?"

"Linatembea."

"Basi mbona matope yamekaa sawasawa huku na huku?"

Mama Pacha aliweka brashi chini. "Ulitaka yakaeje?"

"Sijui mimi. Ila lile tope la nyuma ya gurudumu ndilo lilikuwa linanitoa jasho. Mbele linapigwa na kuanguka, nyuma linajibana. Na hapa dereva anapokanyaga akipanda, hapawi na tope la kurushwa. Panakuwa na tope la kiatu, limekanyagwa likang'aa. Nimeliosha miaka sita, wifi, nalijua lilikokuwa linajificha."

"Ahaa," alisema Mwalimu. Hawakujua kwamba yuko mlangoni. "Hebu rudia hapo pa dereva."

Pampu akarudia, akionyesha kwa kidole kilichochubuliwa na sabuni. Mwalimu akavuta kiti. Seremala naye akaacha msumeno. Mama Pacha alibaki amekishika kifaru chake kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa watu, wote wakikitazama na hakuna anayemtazama yeye.

Kilichomuuma ni kwamba ilikuwa kweli. Pampu angekuwa amesema uongo, angemcheka. Miaka tisa alikuwa akipaka kwa kutazama picha, na picha nyingi zimepigwa upande mmoja. Huyu alikuwa amejifunza matope kwa kuyaondoa.

Baada ya hapo mambo yakaenda kwa kasi. Pampu akapewa kifaru kimoja cha kujaribu, kisha viwili. Alikuwa hajui kuchekecha, mkono wake wa brashi ulikuwa mzito, lakini ukitazama kazi yake ungeapa kwamba dereva ameshuka sasa hivi kwenda kujinyoosha. Mama Pacha alivitazama wakati wengine wamekwenda kula. Alitafuta makosa, akayapata mawili, na hayakumsaidia.

Nyumbani mumewe alimmiminia dada yake chai kwanza. "Nasikia umekuwa fundi."

"Fundi ni wifi," alisema Pampu. "Mimi naokoteza."

Hata unyenyekevu wake ulikuwa unaudhi. Hasidi hana sababu, watu husema, lakini Mama Pacha akihesabu kichwani alikuwa na sababu tatu: watoto, mume, na sasa stuli ya dirishani.

Ndipo ikaja kazi ya kifaru cha mlangoni. Makumbusho yalitaka kikubwa, kirefu kama mkono wa mtu mzima kutoka begani hadi vidoleni, kikae pale watu wanapoingilia ili kila mgeni akione kwanza. Mama Pacha alikisubiri kama mtu anavyosubiri cheo. Seremala alipomaliza kukiunganisha, Mwalimu alikipiga rangi ya chini, nyekundu ya kutu, kisha juu yake kijani iliyofifia. Halafu akajikuna kidevu.

"Mama Pacha, hiki nataka Pampu akipake. Wewe nisaidie kuvipiga vanishi vyote, na umalizie vile vidogo sita."

"Sawa, Mwalimu."

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Tope ni tope."

Sasa hiyo vanishi ndiyo kinga. Rangi ikikauka, lazima ifunikwe kwa vanishi kabla ya kuguswa na tapentaini, la sivyo tapentaini inaila, nayo rangi inainuka vipande kama ngozi iliyoungua. Kila mtu wa kazi ile anajua, ila Pampu alikuwa hajafika hapo, kwa sababu vifaru alivyopewa vyote vilikuja kwake vimeshapigwa vanishi na Mama Pacha. Ijumaa Mama Pacha alivipiga vile sita, kimoja kimoja, taratibu kuliko siku zote. Ilipofika zamu ya kikubwa, saa ya kutoka ikawa imefika. Angeweza kubaki nusu saa. Alivua aproni. Mwenye makuu yake na asubiri, alijisemea.

Jumatatu pacha mmoja alimchelewesha kwa kiatu kilichopotea. Alipoingia karakana, Pampu alikuwa tayari ameketi mbele ya kifaru kikubwa, chupa ya tapentaini wazi, brashi imelowa. Alikuwa ameketi kwenye stuli ya dirishani, maana ndiko kwenye mwanga.

"Umeamkaje, wifi," alisema Pampu, na kuinuka nusu. "Kimekauka hiki?"

Mama Pacha alitundika mkoba wake. Kopo la vanishi lilikuwa rafuni, mfuniko umefungwa.

"Kimekauka," alisema.

Hakusema uongo. Rangi ilikuwa imekauka kabisa. Akaenda kwenye vifaru vyake sita, akawapa mgongo, akawa anasikia brashi.

Haikupita muda mrefu brashi ikanyamaza. Kisha kukawa na sauti ya kitambaa, inasugua, inaacha, inasugua. "Wifi," aliita Pampu kwa sauti ndogo. "Njoo uone. Kinabanduka."

Kilikuwa kimebanduka kweli. Pale Pampu alipokuwa amepita na brashi, na zaidi pale alipojaribu kuokoa kwa kitambaa, kijani ilikuwa imevimba na kuondoka, na nyekundu ya kutu ikachungulia: kwenye kingo za mlango wa juu, kwenye kidaraja cha kupandia dereva, kwenye kishikio. Pampu alikuwa ameweka mkono mdomoni. Mama Pacha alitazama, akangoja ile raha aliyoitegemea, na raha ikaja kidogo, kama mgeni asiye na hakika ya nyumba.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Mwalimu, na nyuma yake bibi wa makumbusho, mwanamke mrefu mwenye miwani kwenye kamba, amekuja kuona kazi imefikia wapi.

Pampu aliinuka. "Mwalimu, nimeharibu."

Bibi wa makumbusho alikuwa ameshainama. Alivaa miwani, akazunguka meza taratibu. "Hapa," alisema, akionyesha kidaraja. "Hapa miguu imepanda na kushuka mpaka rangi imeisha. Na huyu aliyekuwa anafungua mlango huu, ni wa mkono wa kulia." Akamgeukia Pampu. "Nani amekufundisha?"

"Sijafundishwa. Ni makosa."

"Haya, makosa," alisema bibi yule, akicheka kama watu wanavyomcheka mtu anayejishusha. "Usiguse tena hapo. Weka matope yako chini, kiletwe Alhamisi."

Mama Pacha alijishika kwenye ukingo wa meza. Amemchimbia mwenzake shimo, na mwenzake ametumbukia humo na kutoka na maji ya kunywa. Alipomwangalia Seremala, alikuta Seremala anamwangalia yeye, halafu akaangalia kopo la vanishi rafuni, halafu akarudi kwenye msumeno wake.

Mwalimu na mgeni wake walipotoka, Mama Pacha alijikuta karoni anaosha brashi ambazo hazikuwa zake. Pampu akaja akasimama kando, akachukua nyingine.

"Vile vyako sita vina ung'avu wa vanishi, hiki hakina," alisema Pampu.

"Najua."

"Ulijua asubuhi?"

"Nilijua."

Maji yalikuwa yanatoka kijani, kisha yakawa meupe. "Mbona hukusema hapo mbele ya Mwalimu?" aliuliza Mama Pacha. "Ungeniangusha."

"Nikuangushe, halafu jioni nilale wapi? Nalala na watoto wako, wifi. Nakula kwako." Pampu alikamua brashi. "Kama stuli ndiyo unaitaka, ungeniambia. Mimi hata mgongo inaniumiza."

Mama Pacha alitamani atukanwe. Kusamehewa na mtu anayemwonea wivu kulikuwa kama kuongezewa deni.

Jumatano jioni kifaru kilikuwa tayari. Tope zito lilikuwa limejibana nyuma ya magurudumu, kavu juu na bichi ndani, na kwenye kidaraja kulikuwa na tope la kiatu limekanyagwa likang'aa. Mwalimu alikoroga plasta, akageuza kibao, akajaza kishimo. "Mkono wa mwisho," aliita.

Pampu hakusogea. "Aweke wifi," alisema. "Ndiye mkubwa. Na udongo kauchekecha yeye."

Mwalimu alimtazama Mama Pacha. "Haya, ukubwa dawa. Upesi, plasta haingoji mtu."

Dole la Mama Pacha lilikuwa limeshainuka. Kifaru cha mlangoni, cha kuonwa na kila mgeni, na neno moja tu la ndiyo. Aliitazama plasta mbichi, nyeupe, laini, akalitaka dole lake mle ndani kuliko alivyowahi kutaka kitu.

"Si langu," alisema. "Mimi kifaru hiki sikukipiga vanishi, Mwalimu. Kwa makusudi. Aliponiuliza, nikamwambia kimekauka tu. Ile rangi ilibanduka kwa sababu yangu."

Seremala alikohoa. Mwalimu aliitazama plasta mpaka ikaanza kupoteza ung'avu wake. Hatimaye akasema, "Hayo tutayazungumza kesho, mimi na wewe." Na sauti yake haikuwa ya mzaha. "Pampu, dole."

Pampu akabonyeza, kwa woga, juu juu, kama mtu anayejaribu chungu cha moto.

"Zamisha," alisema Mama Pacha. Lilimtoka kabla hajalizuia. "Hivyo itajifunga ikikauka. Zamisha mpaka kwenye ukucha, uhesabu kumi, ndio utoe."

Pampu akazamisha. Mama Pacha akashika kibao kwa mikono miwili kisitikisike, akahesabu naye kwa midomo. Dole lilipotoka, mistari yote ilikuwa imekaa, hata kovu la sabuni lilionekana. Lilikuwa limetoka zuri kuliko mengi ya kwake. Aliliona hilo, na likamuuma vilevile.