Magauni ya Kinanda

Katika miaka yote aliyokaa nyuma ya cherehani, Fundi Pindo hakuwahi kufurahia mshono kuchanika. Mshono ukimpasukia mteja barabarani, yeye hupita mtaa wa nyuma wiki nzima kwa aibu. Hata jina lenyewe alilipata kwa ukaidi huo. Ukimletea suruali abadilishe zipu, hairudi kwako mpaka na pindo lake limeshonwa upya, bure, upende usipende. Sasa mtu wa namna hiyo, Jumapili moja katikati ya ibada, sare ya mke wake ilipopasuka ubavuni mbele ya waumini wote, alipanda juu ya benchi akashangilia. Waliokaa upande wa kulia walidhani ameshukiwa na Roho. Wa kushoto walidhani amerukwa na akili. Hakuna aliyekosea sana.

Kumwelewa, inabidi tuanze na huyo mke.

Kwayani wanamwita Kinanda, na si kwa kumsifu tu. Mwalimu wa kwaya humwomba kila mara apunguze sauti ili wenzake nao wasikike, naye huipunguza kwa mstari mmoja, kisha husahau. Siku za kazi alikuwa akiuza ndoo na mabeseni sokoni. Sindano hajawahi kuishika, maana anasema nyumba moja mafundi wawili ni ugomvi. Kazi yake kibandani kwa mume ilikuwa kufagia jioni vipande vya vitambaa vilivyokatwa mchana, huku akilalamika kwamba amefagia nguo za mtaa mzima.

Mwaka ule tumbo lilianza kumuuma. Akasingizia maharage. Alipoacha maharage na tumbo likaendelea, mumewe akamkokota hospitali, na vipimo vikaonyesha uvimbe, tena ule ambao watu wakiutaja hushusha sauti. Daktari, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kamba, hakushusha yake. Alisema ni saratani, na kwamba wamewahi. Lakini dawa za dripu lazima azipate zote, awamu kwa awamu. Akiacha katikati, hawezi kumwahidi chochote.

Walipofika nyumbani Kinanda alivua viatu, akakaa kitandani, akamwita mumewe.

"Nisikilize vizuri. Unakumbuka mama yangu alivyougua?"

"Nakumbuka."

"Mwishoni alikuwa ndani ya gauni lake kama kijiko ndani ya sufuria. Mimi na dada tulikuwa tunamvalisha, tunatazamana. Sasa mimi dripu nitatundikiwa, vidonge nitameza. Lakini siku nguo zangu zikinipwaya kama zile za mama, nitajua mwili umeshaaga. Siku hiyo hunipeleki tena hospitali. Nitakaa kwangu niimbe nyimbo zangu, basi."

"Lakini hospitali wana mizani."

"Mizani ni mali yao. Mimi najua nguo zangu."

 Kinanda akishasema basi, huwa ni basi. Na magauni yote yaliyokuwa kabatini mwake aliyashona Fundi Pindo.

Dripu ya kwanza ilimtapisha siku kadhaa. Nywele zikaondoka, akafunga kilemba, akasema kinampendeza, na kweli kilimpendeza. Mikono aliiona imekonda, lakini mikono, alisema, hukonda hata kwa mawazo. Kisha asubuhi moja fundi akamwona akipita ukumbini na gauni la njano, na bega la gauni likateleza. Kinanda alilipandisha bila kufikiri. Mumewe alibaki ameshika kikombe, chai ikapoa.

Jioni gauni lilipoanuliwa kambani, alilikunja akalitia kwapani, mguu niponye mpaka kibandani. Akaketi mbele ya cherehani na kufumba macho. "Ee Mungu," alisema, "nisamehe kwa hili ninalotaka kulifanya, na unisaidie lisionekane." Akashona mstari mpya ndani ya ule wa zamani, kushoto na kulia, akapiga pasi.

Alipoinua kichwa, dada mkubwa wa Kinanda alikuwa amesimama mlangoni. Shemeji huyu alikuwa amehamia kwao na mkoba mmoja tangu wiki ya vipimo, na ulimi wake haukutoshea kwenye mkoba.

"Shemeji, siku hizi unaiba nguo za mke wako?"

Fundi akaeleza yote, kwa kigugumizi. Shemeji akavuta kiti cha wateja, akalia kidogo, akapenga kamasi kwa kipande cha kitambaa cha mtu, kisha akasimama.

"Lete na lile la bluu. Ndilo analolipenda. Sketi za mpira wa kiunoni niachie mimi."

Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na wezi wawili. Nguo zilitoka zikiwa chafu, zikarudi safi na nyembamba.

"Mbona nguo hazikauki siku hizi?" Kinanda aliuliza.

"Jua limekuwa vivu," dada yake akajibu, na nje lilikuwa linababua mabati.

Tatizo lilikuwa vipimo. Huwezi kumzungushia mkeo utepe kiunoni kila wiki asikuulize. Fundi Pindo akaamua kupima kwa mikono. Alianza kumkumbatia Kinanda jikoni, mlangoni, akitoka kuoga, akihesabu moyoni vidole vyake vinakutana wapi mgongoni. Mwanamume aliyekuwa akiaga kwa kuinua kidevu sasa hakuweza kupita bila kukumbatia.

"Una nini wewe?" Kinanda alimuuliza, kilemba kimekaa upande. "Umekuwa kama kijana aliyepewa namba ya simu."

"Nakupenda tu."

"Miaka yote hiyo ulikuwa wapi?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa na ukweli. Alianza kwa ajili ya vipimo, lakini baada ya muda alijikuta anakumbatia hata siku ambazo hakuna gauni la kupunguza.

Uongo ulimkereketa. Akaenda kwa mchungaji kuungama.

"Uongo wenyewe unausema kwa mdomo?" mchungaji aliuliza.

"Hapana, mchungaji. Kwa cherehani."

Mchungaji alifikiri sana. "Huo hatukufundishwa chuoni," alisema. Akamwombea yeye na mkewe, kwa maneno machache na ya kweli, na fundi akahisi mzigo umepungua. Walipofungua macho mchungaji akauliza kama kiuno cha suruali yake ya Jumapili kinaweza kuachiwa kidogo.

Kwa daktari ndiko alikokaribia kuumbuka.

"Daktari," Kinanda alisema, "kuna kitu kinanikwaruza mbavuni. Huku na huku. Kigumu, kama ukingo."

Daktari akampapasa mbavu, hakuona kitu. Akapapasa tena juu ya nguo, akasimamisha vidole, akamtazama mume. Mume alikuwa anasoma bango la kunawa mikono kwa makini ya ajabu, kijasho chembamba kikimtoka. Baadaye daktari akamfuata kwenye ujia.

"Nguo unamshonea wewe?"

"Ni mimi."

"Mshono wa unene ule wa nini?"

Akamweleza kwa sauti ya chini. Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena, na mabega yalikuwa yanamtikisika. "Shona," alisema. "Lakini asichubuke. Na dawa azimalize."

Fundi yeyote angemwambia namna ya kuuondoa unene ule. Yeye aliushonea utepe wa satini laini kwa ndani, akauacha ulivyo.

Awamu zikapita. Kila ilipopita, mstari mmoja uliongezwa kwenye kila gauni, hata kwenye sare ya kwaya, ingawa wakati huo Kinanda hakuwa na nguvu za kwenda kanisani. Ikabaki dripu moja tu. Kabla yake wakapewa mapumziko, na mapumziko hayo yakaangukia shule zinapofunguliwa. Kibanda kikajaa sare za watoto mpaka mlango haukufunga. Fundi Pindo alitoka alfajiri, akarudi mikono imekufa ganzi. Huku nyuma shemeji alikuwa ameanzisha vita yake mwenyewe: uji wa karanga na maziwa, mayai, parachichi, na maneno makali kwa bakuli lolote lililorudi na kitu ndani. Kinanda akaanza kumaliza bakuli. Akarudi hata kukemea redio.

Ila alikuwa hataki kukumbatiwa. Mumewe akinyoosha mikono, yeye alikumbuka kitu jikoni. Fundi aliumia, akajisemea kwamba amezidisha, mke amemchoka. Hakuthubutu kuuliza.

Jumamosi Kinanda akatangaza, huku anakunja nguo: "Kesho naenda kuimba. Na Jumatatu hospitali siendi."

Bakuli lilimponyoka shemeji.

"Imebaki moja," fundi alisema. "Moja tu, mke wangu. Kwani nguo zinakupwaya?"

"Hazinipwayi."

"Sasa?"

"Ninachokijua nakijua."

Fundi alitoka nje akakaa kwenye ngazi. Hakuwa ameacha hata nafasi ya kidole kwenye nguo zile. Alikuwa amejitahidi kwa mikono yote miwili, kwa sala na kwa uzi, na mkewe anakwenda kuacha akiwa amefika mlangoni. Aliogopa kuliko siku ya vipimo. Aliomba mpaka maneno yakamwishia, akabaki anasema tafadhali.

Jumapili kwaya ilisimama. Kinanda alikuwa mstari wa mbele, amejaa ndani ya sare, na mwalimu wa kwaya alikuwa na machozi hata kabla ya wimbo. Waliimba ubeti wa kwanza. Wakafika pale sauti inapopanda, Kinanda akavuta pumzi mpaka tumboni, kama zamani, na kanisa zima likasikia praaa.

Fundi Pindo aliisikia kwa masikio ya kazi. Mshono wa aina ile haupasuki ila kwa jambo moja: mwili umejaa. Nguo haikufunguka, mstari uliokuwa nyuma ya ule uliopasuka uliishika. Lakini yeye hakuwa na habari ya heshima ya nguo. Alijikuta juu ya benchi.

"Imechanika! Haleluya!"

"Amina," waumini wakaitika, kwa mazoea. Shemeji akaruka naye. Mchungaji, aliyekuwa wa kwanza kuelewa, alijifunika uso kwa Biblia, na Biblia ikawa inatikisika. Kinanda peke yake hakucheka. Alishika ubavu wake, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mumewe alimkuta kwenye chumba cha nyuma, amekalia spika mbovu.

"Umefurahi," Kinanda alisema. "Nimekuona kwa macho yangu. Mimi navimba, wewe unapanda benchi."

"Unavimba?"

"Nguo zinanibana. Zote, wiki hizi zote. Uvimbe umerudi, umejaa tumbo. Ndiyo maana sikutaka unishike, ungeujua." Sauti yake kubwa ilikuwa imebaki uzi. "Kama umerudi, dripu ya mwisho ya nini?"

 Kumbe mkewe alikuwa akifa moyo ndani ya nguo alizozibana Fundi Pindo mwenyewe.

"Mwambie," shemeji alisema kutoka mlangoni, "au namwambia mimi."

Fundi akapiga magoti pale sakafuni. Akaushika mshono uliopasuka, akaupindua ndani nje. "Huu uliokatika niliupiga baada ya dripu iliyopita. Huu unaofuata ni wa ile ya kabla yake. Na huu. Na huu. Wa mwisho kabisa, huku ukingoni, ndio wa siku niliyokushonea sare. Hujavimba. Umenenepa. Ni uji wa dada yako."

Kinanda alitazama mistari. Akavuta pumzi, akaishusha. Sare haikumbana.

"Miezi yote hii mnanidanganya."

"Niliomba msamaha kabla sijaanza."

"Kwangu?"

"Kwa Mungu."

"Na mimi je?"

"Nisamehe," fundi alisema, na machozi yakamtoka bila mpango.

 Vidole vya Kinanda vilikuwa vinapapasa ule ukingo mnene, ule ule aliomlalamikia daktari. Kitambaa kilikunjwa mara mbili, mara tatu, chote kimefichwa ndani ya satini.

"Hukukata," alisema polepole. "Kila nguo unayoipunguza unakata kinachozidi. Mimi ndiye ninayefagia."

"Ningekata, mwili ukirudi ungevaa nini?"

Shemeji aligeukia ukuta. Kinanda alianza kucheka, kwanza kwa mabega, halafu kwa ile sauti ambayo mwalimu wa kwaya huiomba ipungue, na kule kanisani wakaacha kuimba ili wasikilize. Alimvuta mumewe kwa kola akamkumbatia, mikono yote miwili, kwa nguvu, na safari hii vidole vya fundi havikukutana mgongoni.

"Fumua mstari mmoja zaidi," alimwambia sikioni. "Hapa hapa. Wimbo haujaisha."

Fundi Pindo akatoa wembe mfukoni. Akafumua kifundo kwa kifundo mpaka kiunoni. Kinanda akasimama, akajinyoosha, akaweka kilemba sawa. Mlangoni akageuka.

"Na kesho mniamshe mapema. Foleni ya hospitali huwa ndefu."