Filta Iliyofanya Niitwe Mwizi

Tangu nianze kuuza spea za malori Kariakoo nimeitwa mama, dada, bosi, hata mchumba wa watu nisiowajua. Mwizi sikuwahi kuitwa mpaka asubuhi ile, na aliyeniita ni mzee ambaye kwa miaka nilikuwa nikimwamkia shikamoo kwa mikono miwili.

Duka letu, langu na mume wangu, liko upande wa Gerezani. Ni dogo, limejaa mikanda, taa, bushi na maboksi ya filta mpaka darini. Mzee huyo alikuwa mteja wetu. Ni mtu wa mjini hapa hapa, baba na babu yake wamezikwa Dar, na ana lori moja la kupeleka saruji na mchele kwenye maduka ya pembezoni. Alikuja kutafuta filta ya hewa. Ya kampuni iliyotengeneza lori lake haikuwepo, nikampa ya kampuni nyingine, na sikumficha.

"Mzee, hii siyo orijino," nilimwambia. "Ila vipimo ni vile vile."

Alikuwa amekuja na filta yake ya zamani, imekuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Akazisimamisha zote mbili juu ya kaunta, akapima urefu, akabonyeza mpira wa mdomoni, akaridhika. Akaenda.

Siku chache baadaye lori lake likasimama mbele ya duka, likaziba njia, moshi mweusi ukaingia mpaka ndani. Dereva alibaki kwenye usukani. Mzee akashuka, na badala ya kuingia dukani akasimama katikati ya barabara.

"Wewe mama! Filta gani umeniuzia? Gari haivuti! Jana imenisimamia mlimani na mzigo, inahema kama ina pumu!"

Nikatoka. "Shikamoo mzee. Karibu ndani tuongee."

"Siingii! Nyinyi watu wa Kilimanjaro mkiona pesa hamwoni kitu kingine. Mwizi wewe! Unauza makaratasi ndani ya bati!"

Wabeba mizigo wakasimama na mikokoteni yao. Jirani wa duka la oili akatoka mlangoni. Mteja niliyekuwa nimeshamfungia bushi zake alinitazama, akautazama mfuko wa bushi zake, akasema atarudi baadaye. Sikumwona tena.

Sijui kama mtu ambaye hajawahi kuuza kitu anaelewa neno hilo linavyoingia. Sisi ndugu zetu wakija mjini tunawaambia, ukitaka kukaa Kariakoo, jina lako lilinde kuliko kufuli. Na watu wa kwetu kutaniwa kuhusu pesa tumezoea, tunacheka. Lakini yule hakuwa anatania. Alikuwa ananitukana na kwetu kote.

Mume wangu akaninong'oneza, "Mpe nyingine aondoke, yaishe."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira hasa, na yeye nikamjumuisha. "Nikimpa nyingine nimekubali kwamba ile ilikuwa feki. Simpi!"

Nikamgeukia mzee. "Nani aliyekufungia?"

"Fundi wangu, Buguruni."

"Twende kwa huyo huyo fundi wako. Akaipime mbele yangu."

Nikapanda lori lile lile, nikakaa katikati ya dereva na mzee, kiti kinanichoma mapaja, tukashika Barabara ya Uhuru. Na kweli gari ilikuwa hoi. Dereva anakanyaga mafuta, injini inapiga kelele, lori linajikokota. Kila ilipotoa moshi mzee alinitazama kwa jicho la pembeni. Mimi nilitazama mbele. Zile filta nazinunua kwa muuzaji wa jumla, zimefungwa. Sijawahi kupasua hata moja nikaona karatasi yake. Je, kama mzee anasema kweli?

Fundi tulimkuta yadini, chini ya gari nyingine. Mzee akaanza kumsimulia kwa sauti ya hakimu aliyekwisha kutoa hukumu. Fundi akafuta mikono, akaenda kuchukua geji ndogo yenye mpira mwembamba. Akaichomeka kwenye tundu la bomba linalotoka kwenye filta kwenda kwenye injini.

"Hii inaonyesha injini inahangaika kiasi gani kuvuta hewa," alituambia. "Mshale ukibaki kwenye kijani, inapumua vizuri. Ukiingia kwenye nyekundu, kuna kitu kinaikaba." Akamwambia dereva, "Kanyaga mpaka mwisho."

Injini ikanguruma. Mshale ukapanda, ukapita kijani, ukaingia kwenye nyekundu, ukakaa humo.

"Umeona!" Mzee alipiga makofi. "Umeona mwenyewe?"

Nikasogea kuutazama ule mshale kwa karibu.

"Subiri mzee," fundi akasema. "Hapo tumejua tu kwamba inakabwa. Hatujajua na nini."

Akazima gari, akafungua nyumba ya filta, akaitoa filta yangu na kuiweka juu ya tairi, akafunga kifuniko kitupu. "Kanyaga tena."

Mshale ukapanda tena. Haukufika juu kama mwanzo, lakini bado ulikuwa kwenye nyekundu.

"Filta haimo," fundi akasema, "na bado inakabwa. Tatizo liko kabla ya filta."

Akapanda nyuma ya kabini, kwenye lile bomba refu linalovutia hewa kutoka nje. Akalegeza mkanda wake wa chuma, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, akavuta. Kikatoka kipande cha kiroba cha mchele, kimelowa, kimejikunja, kimejaa vumbi.

Wa kwanza kusema alikuwa dereva, naye alisema polepole. "Mzee, si wewe uliyetuambia tuzibe hapo siku ile tunaosha gari, baada ya kufunga filta mpya? Ili maji yasiingie. Kumbe kilizama ndani."

Fundi akarudisha filta yangu, akafunga kila kitu, gari ikakanyagwa. Mshale ukatulia kwenye kijani na moshi ukakatika.

Mzee akavua kofia, akajipangusa jasho. "Basi mwanangu. Binadamu hatukosi kukosea. Yamekwisha."

Yamekwisha! Kwa sauti ya chini, kwenye yadi ya Buguruni, mbele ya watu wawili!

"Mzee," nikamwambia, "uliniita mwizi hapa?"

"Hapana."

"Uliniitia wapi?"

Akamtazama dereva, kana kwamba ndiye atakayemjibia. "Sasa unataka nini?"

"Uje useme pale pale uliposimama."

"Mwanangu, kwa umri huu nikasimame barabarani nijieleze?"

"Asubuhi ulisimama barabarani kunitukana, na umri ulikuwa huu huu."

Nikaondoka, sikumuaga. Nilichukua bajaji mpaka dukani. Mume wangu aliposikia alifurahi, akasema sasa basi, haki imeonekana. Imeonekana na nani? Jirani wa oili aliuliza kwa kucheka, "Vipi, umeshinda kesi?" Nikamweleza yote, akaitikia kama mtu anayesikiliza upande mmoja tu.

Juma lililofuata mzee alikuja. Namheshimu kwa hilo, sitaki kumnyima. Alikuja kwa miguu, akasimama barabarani, mbele ya duka.

"Huyu mama," alisema, "filta yake ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa langu."

Alisema kama mtu anayeongea na viatu vyake. Nikamwambia, "Sauti mzee. Ile ile ya siku ile."

Akarudia kwa sauti. Nikageuka kuangalia waliosikia. Wabeba mizigo walikuwa wengine kabisa. Jirani alikuwa hajafungua duka. Waliosimama walikuwa wapita njia wasiojua habari ya filta wala ya mwizi. Walichokiona ni mzee mwenye kanzu na mwanamke mnene mlangoni akimwamuru apaze sauti.

Mama mmoja aliyebeba beseni la vitumbua akanikemea kwa nguvu, barabara nzima ikasikia. "We dada, huna adabu? Mzee mzima huyo unamdhalilisha hivyo? Hukufunzwa kwenu?"

Wengine wakaitikia, "Kweli kabisa."

Nilifungua mdomo nimweleze. Ningeanzia wapi? Kwenye mshale, au kwenye kiroba? Mzee mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, na naapa niliona ametabasamu.

"Shikamoo mzee," nikamwambia, meno yamekazana.

"Marahaba mwanangu," akajibu kwa upole, umati wote ukimsikia. "Nilikuwa nahitaji na filta ya mafuta."