Kitanda cha Maji

Asubuhi za Dodoma, enzi za Mjerumani, zilianza kwa sauti ya kibuyu kikikwaruza mchanga. Jua lilikuwa halijachomoza, lakini hewa ilikwisha kuchoka, na upepo wa kiangazi ulileta harufu ya samadi kavu na moshi wa gari la moshi kutoka stesheni. Mji ulikuwa reli, boma, maduka machache na shule ya serikali. Kwingine kote kulikuwa na vichaka vya miiba na ardhi nyekundu iliyopasuka. Shule ilileta watoto wa mbali, hata wa milima ya Kondoa, waliolia kwa kukumbuka chemchemi za kwao, lakini haikuleta maji. Walimu walipenda kutuambia kwamba elimu ni bahari. Sikuwahi kuiona bahari, nami nilitumia muda mwingi kuliko ilivyostahili nikijiuliza kama mtu anaweza kufa kwa kiu mbele yake.

Nilikaa kwa shangazi yangu Matika, mjane mwenye ng'ombe wawili na ndama mmoja, katika tembe lililokuwa karibu na korongo lililokauka. Wakati wa kiangazi kila kaya ilichimba kisima chake katika mchanga wa korongo hilo, ikakizungushia miiba, ikachota kwa kata polepole, ikingoja maji yajikusanye tena. Sheria ya shangazi ilikuwa moja. "Chimba kwa kibuyu na mikono. Ukigusa udongo wa kijivu, acha. Hicho ni kitanda cha maji. Chuma hakiingii hapo." Nilipomuuliza sababu, alinitazama kwa uchovu. "Kwa nini, kwa nini! Shuleni hamfundishwi kunyamaza?"

Kila mwanafunzi alitakiwa kufika shuleni na kibuyu kilichojaa kabla ya kengele. Aliyeshindwa alilazwa chini akachapwa. Mwaka ule kisima kilidhoofika. Ng'ombe wakishakunywa, kibuyu changu kilibaki nusu, na nilichapwa mara mbili. Asubuhi ya tatu, nikingoja maji, nilianza kupiga hesabu: ikiwa kina cha mkono mmoja hutoa kibuyu kimoja, kina cha mikono miwili kitatoa viwili. Niliirudia hesabu hiyo mchangani kwa kijiti. Haikuwa na kosa.

Ndipo alipopita Masanja, Mnyamwezi aliyefanya kazi ya reli. Kwa kuwa Wanyamwezi na Wagogo ni watani, hakupita kamwe bila kunitukana. "Tazama Mgogo huyu, anaparua ardhi kama kuku mwenye njaa!"

"Na wewe umefuata nini huku? Viazi vimeisha kwenu?"

Alicheka, akanitupia beleshi lake. "Shika, kuku wangu. Nitalichukua jioni."

Nilichimba. Udongo wa kijivu ulikuwa mgumu, kisha ukakatika kama ugali uliopoa. Maji yalizunguka mara moja, yakashuka kwenye tundu nililotoboa, yakapotelea katika kokoto kavu za chini. Nilirudishia udongo, nikaukanyaga, nikaushindilia kwa ngumi. Kengele ililia, sikwenda.

Shangazi alipokuja na ng'ombe, hakunipiga. Alishuka shimoni, akapapasa, akabaki humo kwa muda mrefu, kichwa chake tu kikionekana. Methali husema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nimeichunguza methali hiyo kwa miaka mingi na sikubaliani nayo: mimi nilichimba, aliyeingia ni yeye.

Visima vya majirani viliwatosha wenyewe kwa shida. Masanja aliporudi jioni, shangazi alimkabidhi beleshi. "Mtani, chuma chako kimekunywa maji yangu."

"Basi nizike humo, mtani," alijibu, lakini kwa sauti ya chini, na hakuna aliyecheka.

Kesho yake alfajiri shangazi aliondoka na mifugo kwenda Bahi, ambako bwawa lilikuwa halijakauka lote. Nilimwomba tufuatane. "Baki usome," alisema. "Usome mpaka ujue ulichokifanya." Ndama alianguka kabla ya kufika Zuzu. Ng'ombe mmoja alianguka mbele kidogo. Mmoja alifika. Shangazi alibaki huko kwa ndugu zake, mimi nikahamia shuleni kulala na watoto wa mbali, na tembe letu, lisilo na mtu wa kulikandika, liliporomoka kwa mvua za kwanza.

Nilisoma. Nilimaliza shule, chuo, kisha masomo ya juu zaidi ng'ambo ya ziwa kubwa la kaskazini, na nilipoweza kueleza kwa usahihi tabaka la udongo lisilopitisha maji, niliandika kurasa mbili na kuzipeleka Bahi. Shangazi alikuwa mzee, akipepeta mpunga. Nilimwamkia, nikamsomea. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Na ndama?" aliuliza.

Siku hizi Dodoma ina pampu, na wanafunzi wake, wengi kuliko sisi, hufungua bomba bila kungoja chochote. Nafurahi kwa ajili yao, nadhani. Joto wanalolilalamikia ni lile lile. Kazi yangu ni kuidhinisha mahali pa kuchimba visima vipya, na wenzangu husifu uangalifu wangu. Ramani ikiletwa, naisoma, naikagua, naikuta sawa. Kisha naiacha mezani bila saini, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mtu aje kuidai.