Nilimsahihishia Binti Yangu Jibu Lililonihukumu

Admin, shikamoo. Naomba usiweke jina langu wala la chuo ninachofundisha. Najua wengine mtanisema vibaya. Semeni tu, hakuna mtakalosema ambalo sijajisema mwenyewe.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, sijaolewa. Naishi Mikumi na nafundisha saikolojia kwenye chuo kimoja upande wa Kilosa. Naishi na mdogo wangu, nimwite Zawadi, ana miaka kumi na tisa na anafanya kazi mapokezi kwenye nyumba ya wageni. Hivyo ndivyo watu wanavyojua. Ukweli ni kwamba Zawadi nimemzaa mimi.

Kwetu ni Mamboya. Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili. Aliyenipa alikuwa fundi aliyekuja kuezeka madarasa, kazi ilipokwisha akaondoka na sijamwona tena. Mama hakunipiga hata kofi. Alitangaza kijijini kwamba mjamzito ni yeye, akanichukua tukaenda Lumuma kwa dada yake. Baba, ambaye sasa ni marehemu, alinyamaza tu. Siku niliyojifungua mama alimchukua mtoto, akanifunga kifua kwa kitenge ili maziwa yakauke, akaniambia, "Kuanzia leo huyu ni mdogo wako. Ukikosea kumwita, shule basi."

Sikukosea. Nilihamishiwa shule ya mbali, nikasoma mpaka chuo kikuu. Kila likizo nilimkuta mtoto amekua, anamwita mama yangu mama, mimi ananiita dada. Akiumwa usiku anamlilia mama, na mimi nipo chumba cha pili, natazama dari.

Mwaka huu mkuu wangu wa idara alinipa kazi ya kuandaa kozi ya mtandaoni ya makuzi ya binadamu, kuanzia mimba hadi uzee. Nilifurahi, maana ni kazi ninayoiweza. Mada za utotoni niliziandika haraka, za uzee pia. Nilipofika kwenye ujana, umri ambao mtu anajiuliza mimi ni nani na nimetoka kwa nani, nilikwama wiki nzima. Kila mfano niliotunga ulikuwa hauna uhai. Mwishowe nikaandika kisa changu mwenyewe. Nilibadilisha majina, mtoto nikamfanya wa kiume, Mamboya nikaigeuza kuwa Ulaya, ile kata ya huku huku Kilosa. Chini yake nikaweka swali: Ungekuwa mtoto huyu, ungemwambia nini huyo anayejiita dada yako?

Mkuu alikipenda mno. "Mwalimu, kisa hiki ndicho roho ya kozi," alisema. "Usikiguse. Na ukirekodi, urekodi kwa sauti yako mwenyewe."

Kabla ya kufungua kozi ilibidi apatikane mtu wa kuijaribu, tuone kama video zinafunguka kwenye simu ya kawaida na kama maswali yanaeleweka. Nilimpa Zawadi. Sijui nilikuwa nataka nini. Labda nilitaka ajue bila mimi kufungua mdomo.

Jumapili moja tumetoka kanisani, yeye amekaa mlangoni anachambua mchicha, nikafungua laptopu nikakuta jibu lake. Aliandika hivi: "Nisingetaka maelezo. Ningemuuliza kitu kimoja tu, ulipokuwa unanisikia namwita mtu mwingine mama, ulikuwa unajisikiaje? Bibi ndiye aliyenilea, huyo ndiye mama. Wewe ulichagua shule. Basi baki na shule yako, na uendelee kuwa dada mpaka ufe."

Nilisoma mara tatu.

"Dada, umeshaisoma kazi yangu?" akaniuliza.

"Nimeisoma."

"Umenipa ngapi?"

"Kumi na nane kwa ishirini."

"Heee! Mbili umenikata za nini?"

"Makosa ya uandishi," nikamjibu. Akacheka, akaendelea na mchicha wake.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mamboya. Nilimwambia mama nataka kumweleza Zawadi ukweli. Kwanza alinijibu kwa Kikaguru, kama anavyofanya akikasirika, kisha akageukia Kiswahili ili nisije nikasema sikuelewa. "Umweleze ili iwe nini? Wewe una digrii, una kazi, watu wanakuita mwalimu. Mimi nina huyu mtoto mmoja aliyebaki kuniita mama kwa moyo. Wewe mwenyewe uliacha kuniita hivyo siku nilipokufunga kile kitenge, unadhani sikuona?"

"Mama, ni wangu."

"Ulikuwa wapi alipougua surua? Ulikuwa wapi alipoanza kutembea?"

"Nilikuwa ulikonipeleka wewe!"

Alinyanyuka, akaingia ndani. Akiwa huko huko ndani akasema, "Ukimwambia, usikanyage hapa hata siku ya kunizika."

Nilirudi Mikumi na hasira ambayo sijui nimwekee nani. Mama aliniokoa, hilo siwezi kulikataa, bila yeye leo ningekuwa sina hata cheti cha kidato cha nne. Lakini aliniokoa kwa kuninyang'anya, na watu wanamsifu kwa kulea mtoto uzeeni, na mimi nakaa pembeni natabasamu.

Juzi mkuu ameniambia kozi inafunguliwa mwezi ujao na kisa kinabaki, anasubiri sauti yangu. Jana nilikuwa nimekaa na karatasi yenye kisa ninachotakiwa kurekodi, Zawadi akaja kukaa karibu yangu. Alikuwa hacheki.

"Dada, yule mwanamke wa kwenye kisa, ni mtu unayemjua?"

Alinitazama usoni, akasubiri. Admin, hakuna mlango mwingine utakaofunguka wazi namna ile.

Nikamwambia, "Hapana. Nimemtunga tu."

Akasema, "Haya," akaenda kupika. Tangu hapo hajanitania kitu.

Nilipokuwa na miaka kumi na sita niliamuliwa. Safari hii nimemkana mwenyewe, kwa mdomo wangu, bila kulazimishwa na mtu. Ninyi mnaosoma hapa, hasa mlioambiwa ukweli wa namna hii mkiwa wakubwa, niambieni bila kunionea huruma: nimfuate nimwambie nilimdanganya, nimpoteze mama na pengine yeye pia, au nirekodi kwa sauti yangu na nibaki dada?