Siku Baba Alipompiga Faustin Naviundu

Kila Jumamosi asubuhi jirani yangu huijaza pikipiki yake mafuta kwa chupa ya maji aliyoikata kitako, na kila mara humwaga kidogo chini. Petroli ikigusa udongo mwekundu uliokwisha kupata jua hutoa harufu tamu, utamu wa kuchefua, kama tunda lililopitiliza kuiva. Wengine huisikia harufu hiyo na kuendelea na chai yao. Mimi hufunga dirisha. Msinicheke kwanza. Nisikilizeni, halafu mtaamua wenyewe.

Nilikuwa na miaka tisa. Tuliishi Lubumbashi, kando ya barabara iendayo Kinsevere, kwa sababu baba alikuwa fundi wa umeme katika mgodi upande ule. Siku za kazi alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mikono iliyonuka waya na sabuni. Lakini Jumapili, misa ikiisha, alivaa koti la ngozi lililopasuka kwenye viwiko na kupanda pikipiki kubwa nyeusi, ambayo ililetwa kwetu ikiwa imekufa kabisa, naye akaifufua uani kwa muda wa miaka miwili huku mama akilalamika kwamba kuku wanataga mayai yenye harufu ya oili. Baba alikuwa rais wa klabu ya wenye pikipiki. Iliitwa Bana ba Vumbi, watoto wa vumbi, na jina halikudanganya, maana walirudi kutoka safari zao wakiwa wekundu mpaka kwenye kope. Mimi nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo hakuniita Mado kama wengine. Aliniita "mama", na mara nyingine aliniamkia kwa heshima zote, na mimi nikamwitikia kwa sauti ya kizee.

Kwetu pikipiki huitwa moto, kwa Kifaransa. Bibi, yule mama yake baba, alipouliza, "Moto iko wapi?" hatukujua kama anataka kupika au anataka kupelekwa mahali.

Tuliishi pia na Faustin, mdogo wake baba. Babu alipofariki, Faustin alikuwa bado ananyonya, na baba ndiye aliyemlea, akamsomesha, akampeleka kwa fundi kujifunza kazi. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye meno mazuri na pikipiki nyekundu. Alinifundisha kupiga mluzi kwa vidole viwili, jambo ambalo masista wa shule hawakulipenda. Alijua kuinua gurudumu la mbele na kwenda kwa gurudumu moja kutoka kona ya barabara mpaka mlangoni kwetu. Baba alimkataza.

"Moto iko na mipira mbili," alimwambia. "Kama moja ingetosha, benye kuitengeneza bangeweka moja."

Faustin alicheka na kuinamisha kichwa. Siku mbili baadaye aliinua tena.

Mwaka ule klabu yetu ndiyo iliyopokea mkutano mkubwa wa klabu za pikipiki. Watu walitoka Likasi, Kolwezi, Kipushi, na wengine walivuka mpaka kutoka Zambia. Walikutana katika uwanja mmoja upande wa Kasapa, kupita chuo kikuu, penye majani makavu na vichuguu virefu kuliko mtu. Sijapata kuona chuma kingi namna ile mahali pamoja. Injini zilipowashwa kwa pamoja, sauti sikuisikia masikioni tu, niliisikia kwenye meno na tumboni. Moshi wa michopo, nyama ya mbuzi ya kuchoma, ulichanganyika na moshi wa mipira: vijana waliegemeza gurudumu la mbele kwenye mti, wakazungusha la nyuma palepale mpaka mpira ukapasuka kwa kishindo kama bunduki. Kila ulipopasuka, watu walishangilia. Mimi nilikuwa nimepanda nyuma ya baba, nimevaa kofia ngumu iliyonifika puani, nikajiona malkia.

Damu ya kwanza niliiona saa nne asubuhi. Baada ya chakula pikipiki zote zilikuwa zipite mjini kwa msafara hadi upande wa pili wa mji, na klabu mbili ziligombea kutangulia. Mtu mmoja mnene, mgeni, alimsukuma Faustin kifuani. Faustin alimpiga kwa paji la uso. Mdomo wa yule mtu ulifunguka kama nyanya, na jino lake likaanguka kwenye majani. Wanaume kumi wakarukiana palepale. Niliona mkanda ukizunguka hewani, niliona mtu akikanyagwa mkono. Baba aliingia katikati yao mikono mitupu, akawatenga mmoja mmoja kama mtu anayepanga viti, na kwa dakika chache wakawa wanapeana mikono. Mwenye jino alilitafuta, akalitia mfukoni, watu wakacheka. Nami nikacheka.

Kisha baba akamwambia Faustin mbele ya wote, "Weye utakuwa wa mwisho. Nyuma ya bote. Nyuma ya kamyoneti ya sufuria." Hiyo ilikuwa gari dogo la mizigo lililobeba vyombo vya kupikia.

Faustin alikodoa macho. "Yaya," alisema, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "mbele ya bageni?"

"Mbele ya bageni njo ulipigana."

Niliuona uso wake. Ulikuwa uso wa mtoto aliyevuliwa nguo sokoni.

Msafara uliondoka. Tulipita mjini watu wakitupungia kutoka kwenye vibaraza, tukaingia Naviundu, penye nyumba zilizobanana na meza ndogo za biashara mpaka ukingoni mwa lami. Baba alikuwa mstari wa pili, nami mgongoni kwake. Ghafla nikasikia injini niliyoijua ikija kutoka nyuma kwa kasi. Faustin alitupita upande wa kulia, kati yetu na meza, amesimama juu ya pikipiki yake, gurudumu la mbele likitazama mbingu. Alimgeukia baba akatabasamu. Nadhani alitaka tu kuonekana.

Msichana mmoja alikuwa akivuka na beseni la mikate kichwani. Alikuwa mkubwa kama mimi. Gurudumu lilishuka juu yake.

Sauti ilikuwa ndogo. Hilo ndilo lililonishangaza, udogo wa sauti ile. Halafu mikate ikabingirika barabarani, na msichana alikuwa amelala, mguu wake umekunjwa mahali ambapo mguu haukunjiki. Faustin alianguka mbele kidogo, akainuka, akaanza kurudi kwake mikono kichwani. Hakufika. Mtu mmoja alisema, "Alishaua mutoto," na maneno yale yakapita midomoni mwa watu haraka kuliko pikipiki yoyote.

Walitoka kila mlango. Jiwe la kwanza lilimpata Faustin mgongoni, la pili shingoni, halafu sikuweza tena kuyatenga. Waliokuja na msafara, wale wanaume wenye makoti na minyororo, waliwasha pikipiki zao na kukimbia. Siwalaumu; matofali yalikuwa yakianza kuwapata nao. Walibaki wachache, mmoja wao Tantine Bea, mkunga aliyekwenda kuzalisha watu kwa pikipiki yake. Alinitoa mgongoni kwa baba akaniweka juu ya kamyoneti ya sufuria, iliyokwisha kutufikia. "Funga macho," aliniambia, kisha akakimbilia kwa msichana.

Sikufunga. Kutoka pale juu niliona kila kitu. Walimwangusha Faustin chini, wakampiga kwa miguu, kwa miti, mwanamke mmoja kwa kiatu chake. Wengine waliilaza pikipiki nyekundu ubavu, wakakata mpira wa mafuta, na petroli ikamwagika ndani ya beseni lile lile la mikate. Ikamwagika pia juu ya udongo, na harufu ikanifikia. Mzee mmoja alilinyanyua beseni kwa uangalifu, kama mtu anayebeba maji ya kunawa wageni. Watu wakaanza kuita, "Moto, lete moto." Nilifikiri wanataka pikipiki nyingine. Nilielewa mtu alipoinua kiberiti.

Hapo ndipo baba alipopenya. Kofia yake ngumu ilikuwa mkononi, ameishika kwa mkanda wake. Hakupiga kelele. Alisema kwa sauti ya kuwaelekeza watu kazini:

"Huyu ni mudogo yangu. Njo mimi nilimulea. Niachieni ye."

"Alishaua mutoto wa batu," mmoja akajibu.

"Nimesikia. Mimi njo nitamupiga."

Akampiga. Kofia ilizunguka na kutua upande wa kichwa cha Faustin, na mlio wake ulikuwa kama mchi ndani ya kinu kisicho na kitu. Faustin alimtazama kaka yake, na katika mtazamo ule hapakuwa na maumivu bado, palikuwa na mshangao tu. Kofia ikatua tena, kwenye sikio. Ikatua mdomoni, kwenye yale meno mazuri. Watu walirudi nyuma hatua moja, halafu mbili, kuipa nafasi mikono yake. Baba alipiga kama mtu anayevunja jiwe, akipumua kwa kila pigo, na damu ikaruka ikapaka koti lake. Kelele za umati zikapungua. Mawe yakaanza kuachwa chini moja moja. Mwishowe nilisikia mlio ule peke yake.

Na yule mzee, akiwa bado ameshika beseni la petroli, akasema, "Papa, inatosha. Utamuua."

Baba hakuacha. Nilimwona uso. Ulikuwa uso nisioujua, mdomo wazi, macho hayatazami mahali. Nililia, nikamwita. Kisha kofia ikamtoka mkononi, ikaruka, ikabingirika mpaka miguuni pa watu. Baba alisimama akitazama mkono wake mtupu.

Katika kimya kile sauti ya Tantine Bea ilisikika kutoka upande wa pili: "Mutoto anapumua. Iko muzima. Nipeni mbao nifunge mukulu," yaani ule mguu uliovunjika.

Mama wa msichana alikuwa amepiga magoti karibu naye, akishika kidole chake kimoja tu, kana kwamba kingine chochote kingevunjika. Watu wakamgeukia. Mzee akaliweka beseni chini. Wanaume wawili wa mtaa ule ule, mmoja wao aliyekuwa na kiberiti, walimsaidia baba kumbeba Faustin mpaka kwenye kamyoneti. Wakamlaza kati ya sufuria, kichwa chake karibu na viatu vyangu, na msichana akalazwa upande wa pili na mama yake. Tukaenda hospitali wote pamoja, aliyeumiza na aliyeumizwa. Njiani mama wa msichana alinivutia kwake na kunifuta uso kwa kitambaa chake. Sikuwa nimejua kwamba uso wangu ulikuwa na damu.

Msichana alipona, ingawa mpaka leo mguu wake mmoja ni mfupi kidogo. Faustin alipoteza meno manne na sikio la kushoto halikusikia tena. Baba alikwenda Naviundu na bibi, wakakaa na ile familia siku nzima kuomba msamaha. Pikipiki nyeusi ilifunikwa turubai, kuku wakapata pa kulala.

Nyumbani, kila mtu alinieleza jambo moja. Baba yako ana akili, walisema. Asingempiga yeye, wangemchoma. Alimpiga ili amwokoe. Hata Faustin alilisema, kwa mdomo uliovimba. Habari ikawa ya kusimuliwa kila mwaka mpya, wajomba wakiiga jinsi baba alivyoishika ile kofia. Na kila ilipofika pale, baba aliinuka, akatoka nje kutazama kuku. Watu walisema ni mnyenyekevu.

Mimi sikuamini. Nilikuwa nimeuona uso. Kwa miezi mingi sikumwitikia aliponiita mama. Aliniamkia asubuhi, akasubiri, halafu akaenda kazini. Bibi pekee ndiye ambaye hakunigombeza. Alisema, "Mukono ya muntu haina macho," akaendelea kuchambua sombe, kisamvu chetu.

Nilimuuliza baba nikiwa mtu mzima, mwanangu wa kwanza akitambaa sakafuni kati yetu. Ilikuwa mchana wa mvua. Nilimuuliza moja kwa moja: ulikuwa ukimwokoa, au ulikuwa ukimpiga?

Alimwinua mtoto, akampakata.

"Ya kwanza nilikuwa ninamuokoa," alisema. "Ya pili pia. Kisha nilikumbuka vile alinichekea pale barabarani, na ule mutoto chini. Kuanzia pale sijui tena. Benye kusema nilikuwa na akili, habakuwa ndani ya mukono yangu."

"Lakini uliacha."

"Sikuacha, mama. Kofia iliteleza. Ilikuwa na damu."

Nilipokuwa mtoto nilitaka jibu liwe moja. Ama baba yangu ni mwokozi kama wasemavyo wajomba, ama ni yule mtu mwenye mdomo wazi niliyemwona. Nilimkasirikia kwa kuwa hakunisaidia kuchagua. Sasa najua kwamba yeye mwenyewe alikuwa akiusubiri uamuzi ule miaka yote, kule nje kwenye kuku, wakati sisi tukimsifu, na kwamba sifa zetu zilimpiga kila mwaka mahali palepale.

Nilimuuliza na Faustin pia. Ni baba wa watoto watano leo, anaishi Kolwezi, na akija kwetu huchagua kiti ambacho sikio lake zima litakuwa upande wa kaka yake.

"Alinipiga," alisema. "Na niko muzima."