Bangili ya Samaki Aliyefumba Mdomo

Enzi zetu pale Ujiji, mtoto wa kike mwenye mdomo mwepesi hakuchapwa, alivishwa bangili. Wenzangu mliokula ugali wa muhogo kwa samaki mgebuka wa mawese mkalamba mpaka kiwiko, mnazikumbuka: bangili nene za fedha alizozifua sonara Mzee Kitwana kibarazani kwake, akipuliza moto kwa mrija, mashavu yametuna. Kila moja aliichora mawimbi pande zote, na katikati samaki mmoja aliyefumba mdomo.

Yangu nilivishwa na Bibi Mwavita, mzaa mama. Akanisimulia kwamba zamani hapa hapakuwa na ziwa. Palikuwa na mume na mke wenye chemchemi uani kwao, imejaa samaki watamu, na sharti moja tu: mgeni asionyeshwe. Mke akaonyesha. Ardhi ikapasuka, maji yakafunika nyumba, mashamba, na hata jirani asiyehusika.

"Ndiyo hii Tanganyika unayoogea," alisema Bibi. "Na fedha haijasahau. Ukitoa siri ya nyumba, inageuka nyeusi."

Mtoto wa siku hizi angemdai Bibi ushahidi, tena wa picha. Mimi niliamini.

Nilipokuwa darasa la nne, wakati kila ukuta wa shule umeandikwa Elimu ya Kujitegemea, siri ikaingia nyumbani kwetu. Dada yangu Sikudhani alipendana na mwalimu kijana wa kijiji cha ujamaa cha Kidahwe, na wazee wa mwalimu wangeleta posa Jumapili. Waliojua ni Mama, Bibi, Dada na mimi niliyesikiliza dirishani. Tatizo lilikuwa Shangazi. Yeye alikuwa amemtengea Dada shemeji yake, mzee wa meno matatu na wake wawili, na kama angesikia, angewahi kwa Baba. Baba hakuwahi kumkatalia dada yake jambo, na kwetu posa iliyopokelewa kwanza ndiyo posa.

Dada alinishika mikono yote miwili. "Mdogo wangu, nakuomba. Maisha yangu yako mdomoni mwako."

Nilinyamaza siku nne. Siku nne nzima, mimi!

Siku ya tano shule ikapata mgeni kutoka wilayani, na mradi wetu wa kuku ukatoa mayai ya kuchemsha ndoo nzima. Wasichana tukapewa kazi ya kumenya. Tulimenya mpaka vidole vikakunjamana. Nilipoinua mkono, bangili yangu ilikuwa imepiga weusi kama sufuria ya jikoni. Nililia kwa uchungu wa kuonewa, maana sikuwa nimesema hata neno moja. Kisha nikawaza: kama nimekwisha kuhukumiwa, kosa lenyewe nilikose kwa nini? Nikawamwagia wote pale kwenye ndoo: mwalimu, Jumapili, hata yale meno matatu. Lo, raha niliyoipata! Iliisha nilipokumbuka kwamba mmoja wa wamenyaji alikuwa jirani wa Shangazi.

Nilikimbia nyumbani nikamnyooshea Bibi mkono. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mwana wanje, mwanangu, mayai hayo! Fedha na mayai havipatani. Nilikutisha tu nikufunge mdomo."

"Lakini Bibi, nimeshasema."

Kicheko kikakatika. Hakunipiga wala hakunitukana. Alijitanda kanga, akaniambia safari hii ninyamaze kweli, akapanda lori la muhogo kwenda Kidahwe. Jioni ile ile wazee wa mwalimu walikuwa wameketi barazani kwetu, wamejaa vumbi, mmoja amevaa viatu visivyofanana. Baba akapokea posa. Shangazi alifika asubuhi na mapema, amejipaka wanja, akakuta neno limekwisha. Bibi aliwaeleza watu wote kwamba ameota ndoto, na ndoto imemwamuru siku ya posa iwahishwe.

Leo wajukuu zangu waishio Gungu wanavaa bangili za dukani zisizobadilika rangi hata uzichemshe na mayai. Posa ya mtu inazunguka kwenye simu kabla mposaji hajanyoa ndevu, na hakuna anayekimbilia lori. Siwalaumu, hawana cha kuficha kwa kuwa hawana anayewaficha. Sisi tulikuwa na watu.

Na wewe Dada Sikudhani, hadi leo unawasimulia wakwe zako ile ndoto ya Bibi, na mimi huwa nainamia kikombe changu cha chai. Bibi hakuota kitu. Ni mimi niliyeropoka. Alinisitiri kwa Baba, kwa Mama na kwako, mpaka anaingia kaburini hakunitaja, na tangu aondoke sijapata mwingine wa kunisitiri hivyo.